Susan Isaacs na Sungura Aliyefukuliwa

Mwaka jana nikiwa fildi, mtoto mmoja wa darasa la awali aliniletea mjusi aliyekufa. Alikuwa amemshika mkia, na nyuma yake walikuwa wamejipanga wenzake sita au saba. Alitaka kujua kama mjusi yule bado anasikia. Mimi saa hiyo nilikuwa namsubiri msimamizi wangu kutoka chuoni, ubao nimeshaupamba na irabu tano, andalio la somo liko mezani, moyo unadunda. Nikamwambia akamtupe na anawe mikono. Akamtupa, akanawa, akakaa. Tukaimba a e i o u. Msimamizi akaja, akanipa alama nzuri, akaondoka. Mapumziko yalipofika watoto wale wote walikwenda shimo la taka kumtafuta mjusi wao.

Sikulifikiria tena jambo hili mpaka niliporudi chuoni na kukutana na habari za Susan Isaacs. Sisi wa elimu ya awali jina hili tunalisikia kwa sekunde tatu kwenye slaidi, katikati ya Froebel na Montessori, halafu mhadhiri anabonyeza kitufe na mama wa watu anapita. Nikaamua kumtafuta vizuri. Nilichokipata kimenikosesha raha, na ndiyo maana nakiandika hapa ili tukose raha pamoja.

Susan alizaliwa tarehe 24 Mei 1885 huko Turton, karibu na mji wa Bolton, kaskazini mwa Uingereza, eneo la viwanda vya pamba. Alikuwa mtoto wa tisa. Baba yake, William Fairhurst, alikuwa mwandishi wa habari na pia mhubiri wa Kanisa la Methodisti. Mama yake aliugua muda mrefu, akafariki Susan akiwa na miaka 6. Baba akamwoa nesi aliyekuwa akimuuguza marehemu. Kwa hiyo mtoto huyu alikua katika nyumba yenye dini kali, msiba ambao haujapoa, na mama wa kambo. Wengi wetu hatuhitaji kuelezwa nyumba ya namna hiyo ikoje.

Shuleni alifanya vizuri. Tatizo lilikuja alipoanza kusoma vitabu na kuuliza maswali ambayo mhubiri hakutaka kuyasikia mezani kwake. Alipofika miaka 15 akasema waziwazi kwamba haamini tena habari za Mungu kama alivyofundishwa. Baba alimwachisha shule. Alisema kama elimu ndiyo inayomfanya mtu amkane Mungu, basi imetosha. Halafu kwa muda wa miaka miwili hakuzungumza naye. Hebu fikiria: miaka miwili ndani ya nyumba moja, meza moja, na mzazi wako hakusemeshi kwa sababu ya swali ulilouliza.

Mimi nimekulia katika familia ya ibada na sina nia ya kumcheka mzee Fairhurst. Alikuwa anaogopa kumpoteza mwanawe, akatumia silaha aliyokuwa nayo. Lakini naona mambo mengi aliyokuja kuyafanya binti yake baadaye yameanzia pale. Mtu aliyenyamaziwa kwa sababu ya maswali yake alikuja kujenga shule ambayo swali la mtoto lilikuwa ndilo somo la siku.

Alikaa nyumbani mpaka alipofika miaka 22 hivi, akisaidia kazi na kujisomea mwenyewe. Katikati alifanya kazi ya ualimu wa nyumbani kwa familia moja ya Kiingereza, kazi iliyomfikisha mpaka Moroko, na akafundisha pia kwenye shule ndogo ya binafsi. Hatimaye akapata nafasi Chuo Kikuu cha Manchester, kwenye kozi ya ualimu wa watoto wadogo. Kozi hiyo haikuwa ya kupigiwa makofi. Kama ilivyo kwetu leo, ukisema unasomea kufundisha chekechea, watu wanakuuliza kama kweli hiyo nayo inahitaji chuo kikuu. Walimu wake waliona haraka kwamba wana mtu wa aina nyingine mikononi, wakamsukuma ahamie shahada kamili. Mwaka 1912 akamaliza falsafa akiwa na daraja la kwanza. Akapata ufadhili wa kwenda Chuo cha Newnham, Cambridge, kusoma saikolojia. Baada ya hapo akafundisha kwenye chuo cha ualimu Darlington, kisha akarudi Manchester kufundisha mantiki.

Mwaka 1914 aliolewa na mtaalamu wa mimea aitwaye William Brierley. Ndoa haikudumu. Mwaka 1922 akaolewa na Nathan Isaacs, mfanyabiashara wa madini mwenye kichwa cha falsafa, na jina la Isaacs ndilo lililobaki. Katika miaka hiyohiyo alijifunza tiba ya nafsi ya wafuasi wa Freud, akawa mwanachama wa chama chao cha Uingereza. Kwa hiyo alikuwa amebeba mambo matatu ambayo mara chache hukutana kwa mtu mmoja: ualimu wa watoto wadogo, mantiki, na elimu ya yale ambayo mtu anayahisi bila kuyasema.

Mwaka 1924 likatoka tangazo la kazi. Bwana mmoja aitwaye Geoffrey Pyke alikuwa anatafuta mtu wa kuongoza shule ndogo Cambridge. Huyu Pyke naye alikuwa na mambo yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa mwandishi wa habari, akakamatwa Ujerumani na kufungwa kambini, akatoroka akiwa hai mpaka nyumbani. Sasa alikuwa anatengeneza pesa kwa kubahatisha bei za madini sokoni, na alikuwa na mtoto wa kiume ambaye hakutaka apitie utoto mbaya kama wake. Akaamua kumwanzishia shule. Susan akaikubali kazi, na Oktoba 1924 Shule ya Malting House ikafunguliwa kwenye nyumba kubwa yenye bustani.

Ilianza na watoto 10, wote wavulana, wadogo kati yao wakiwa na miaka 2 na miezi 8, wakubwa hawajatimiza 5. Baadaye wakafika 20, wasichana wakiwemo. Ratiba ya vipindi haikuwepo. Kulikuwa na misumeno na nyundo za kweli, vichomeo vya gesi kama vya maabara zetu, na bembea ya ubao yenye ndoano za kuning'inizia mawe ya mizani ili watoto waone upande upi unashuka na kwa nini. Kulikuwa na sungura, panya, kuku, simbilisi, hata nyoka. Kila mtoto alikuwa na kishamba chake, na kama alitaka kung'oa mche aone mizizi imefika wapi, aling'oa. Mche ulikufa, na hilo nalo lilikuwa jibu.

Mtoto akiuliza swali, Susan hakukimbilia kumjibu. Alimrudishia kwa namna ya kumwalika: twende tukaone. Yeye na wenzake walikuwa wakiandika walichosema na kufanya watoto, neno kwa neno, siku kwa siku. Hakuandika alichodhani mtoto anapaswa kusema. Aliandika alichosema, hata kiwe cha hovyo, cha aibu au cha ukatili.

Hapa ndipo sungura anapoingia. Ilikuwa Julai 1925. Asubuhi watoto walimkuta sungura mmoja amekufa. Mmoja akagundua kwamba tumbo lake halipandi wala halishuki. Mwingine akaleta habari kutoka kwa baba yake: ukimweka majini atafufuka. Nasimama hapa kidogo. Mimi ningesema nini? Ningesema hapana, kiumbe akishakufa hafufuki, nawa mikono. Susan aliwauliza kama wangependa kujaribu. Wakaleta beseni la maji, wakamweka sungura.

Sungura akaelea, akawa anazunguka polepole kwa sababu ya mkondo wa maji. Mtoto mmoja akatangaza kwamba yuko hai, maana anatembea. Ni hoja nzuri kabisa kwa mtu wa miaka 4. Susan hakuikataa. Alichukua kijiti kidogo akakiweka kwenye maji yaleyale, nacho kikazunguka vilevile. Watoto wakatazama. Wakakubaliana kwamba kijiti hakiko hai. Kwa hiyo kuzunguka tu hakutoshi. Sasa mimi nimesoma mbinu za utafiti semista nzima, na sijui kama nimewahi kuona kidhibiti cha jaribio kilichoelezwa vizuri kuliko kijiti kile.

Wakamzika bustanini, wote wakisaidia kuchimba. Siku iliyofuata watoto wawili wakaanza kujadili kumfukua. Mmoja akasema hakuna haja, hayupo tena, amekwenda juu mbinguni. Wakachimba kidogo, wakachoka, wakakimbilia mambo mengine, wakarudi, wakataka kuacha kwa sababu ileile. Susan akapendekeza waangalie kama yupo, akashika jembe naye akachimba pamoja nao. Wakamkuta. Walishangaa sana kumwona bado yuko palepale.

Binti wa mhubiri, aliyenyamaziwa miaka miwili kwa habari za mbinguni, yuko bustanini anachimba na watoto waone sungura yuko wapi. Yeye mwenyewe hakuandika kwamba alifikiria jambo hilo. Ni mimi ninayelifikiria. Na nimegundua pia kwamba hakuwaambia watoto wale kuwa mbingu haipo. Aliwaonyesha kilichomo ndani ya shimo tu. Yaliyobaki aliwaachia wao na wazazi wao.

Watu wa mjini waliongea sana kuhusu shule ile. Wengine walidhani ni mahali pa watoto walioshindikana, pasipo sheria. Si kweli. Sheria zilikuwepo, chache. Kifaa hakikuruhusiwa kugeuzwa silaha. Mahali penye hatari ya kweli mtu mzima alikuwa karibu. Na Susan mwenyewe alikiri kwamba kuna mambo aliyoyaachia mwanzoni akalazimika kuyawekea mipaka, hasa watoto walipoanza kumwonea mmoja wao. Alikuta kwamba mtoto anayeachwa na hasira yake bila mtu mzima wa kumzuia anaogopa zaidi. Kwa hiyo wale wanaosema mbinu hii ni kuwaacha watoto wafanye watakalo, bado hawajamsoma.

Mwaka 1927 alitembelewa na Jean Piaget, yule yule wa mitihani yetu. Piaget alikuwa anafundisha kwamba mtoto mdogo bado hawezi kuelewa vizuri kitu kimoja kinasababishaje kingine. Wakiwa bustanini, mtoto wa miaka 5 na miezi 9 alikuwa amekaa juu ya baiskeli ya magurudumu matatu anakanyaga pedali kinyumenyume. Susan akamfuata akamuuliza inakuwaje baiskeli inakwenda mbele. Mtoto akaeleza bila kusita: mguu unasukuma pedali, pedali inazungusha mkono wake, mkono unazungusha gurudumu lenye meno, hilo linavuta mnyororo, mnyororo unazungusha tairi, basi. Susan alimheshimu Piaget, ila aliona kwamba watoto wa Geneva walikuwa wanaulizwa maswali mezani kuhusu vitu ambavyo hawakuwa wamevishika. Ukitaka kujua mtoto anafikirije, mtazame akiwa na kazi inayomhusu.

Mwaka huohuo bahati ya Pyke iliisha. Soko la madini likamgeuka, pesa zote zikaenda, na yeye na Susan walikuwa tayari hawaelewani. Mwisho wa 1927 Susan akaondoka. Shule ikasogea kwa taabu mpaka 1929, ikafungwa. Kwa hiyo kazi yake pale, yenye sifa zote hizi, ilichukua miaka mitatu na kidogo tu. Ni muda wa shahada moja.

Lakini aliondoka na madaftari. Kutokana nayo akaandika vitabu viwili vikubwa, kimoja cha 1930 kuhusu ukuaji wa akili za watoto wadogo, na kingine cha 1933 kuhusu maisha yao na wenzao. Kati ya 1929 na 1936 alikuwa pia akijibu barua za akina mama na mayaya kwenye jarida la malezi, akitumia jina la Ursula Wise. Mtoto anauma wenzake, mtoto hataki kulala, mtoto anaogopa giza: alijibu zote, kwa lugha ya kawaida. Napenda kwamba msomi wa kiwango kile hakuona aibu kuongea na yaya. Na hakuishia kwenye barua. Mwaka 1933 akakabidhiwa idara mpya ya makuzi ya mtoto katika Taasisi ya Elimu ya London, akawa anafundisha walimu ambao tayari wameshafundisha.

Mwaka 1935 akagundulika ana saratani ya matiti. Aliendelea na kazi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, watoto wa London walihamishwa kwa treni kupelekwa sehemu salama, wakiwa na vifurushi na vibandiko vya majina. Susan akaongoza utafiti kwa waliopelekwa Cambridge. Kwanza kabisa, watoto wenyewe waliombwa waandike wanapenda nini pale walipo na wanakosa nini. Matokeo yalitoka 1941, na yakaonyesha kwamba waliopanga safari zile walikuwa wamefikiria mabomu wakasahau familia. Mtoto aliyetenganishwa na ndugu zake aliteseka, hata akiwa kwenye nyumba nzuri. Jambo dogo la kuuliza, na hakuna aliyekuwa ameuliza.

Alifariki London tarehe 12 Oktoba 1948, akiwa na miaka 63. Walimu aliowafundisha walitawanyika kwenye shule na vyuo vya Uingereza, na miaka karibu 20 baadaye, Ripoti ya Plowden ya 1967 iliposema mtoto awe katikati ya elimu ya msingi, wengi waliitambua sauti yake.

Sasa turudi kwetu, na tuwe wakweli. Nikiwaeleza wenzangu habari hizi pale kwenye vimbweta, jibu ni lilelile kila mara. Watoto wa Malting House walikuwa watoto na wajukuu wa maprofesa, walimu wa kutosha, bustani, tajiri analipa. Darasa nililofundisha mimi lilikuwa na watoto zaidi ya 80, madawati machache, na mimi. Hoja hii ni ya kweli na sina ujanja wa kuikwepa. Nikiwapa watoto 80 misumeno, tutaonana hospitali.

Ila nimeipitia habari ya sungura mara nyingi nikitafuta kilichogharimu pesa. Beseni. Maji. Kijiti. Jembe. Hivyo vyote shule ile niliyofundisha inavyo. Mjusi tulikuwa naye bure. Nilichokosa siku ile ni dakika kumi na ujasiri wa kuwa na andalio la somo ambalo halijakamilika msimamizi anapoingia mlangoni. Na hicho hakikuletwa na wingi wa watoto. Nilikikosa kwa sababu alama zile zilikuwa zangu, na mjusi alikuwa wa mtoto.

Kuna jambo jingine la kuogopa. Mtoto ukimzoesha kuuliza, hatachagua maswali yanayokufurahisha. Ataanza na mjusi, atafika kwa bibi aliyezikwa mwezi uliopita, atafika kwa Mungu, atafika kwa nini baba anampiga mama. Mzee Fairhurst alilijua hilo. Sisi tunaotaka watoto wadadisi kwenye karatasi za mtihani tujiulize kama tuko tayari kukaa meza moja nao.

Julai naenda fildi tena. Nimeshaanza kuandaa maandalio ya masomo, na kwa kila siku nimeacha dakika 20 ambazo sijazijaza. Mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja hosteli ameziona akaniambia nitapoteza alama, na huenda ni kweli. Nimemwambia nitamweleza msimamizi kwamba sehemu hiyo itajazwa na watoto wakishafika. Sijui atalipokeaje. Yule mtoto wa mjusi sasa yuko darasa la kwanza, kwa hiyo swali lake limenipita. Natumaini alimpata pale shimo la taka, na kwamba kuna mwenzake aliyemsaidia kuangalia kama anasikia.